Riwaya si gazeti! Wachapishaji mnatuumiza macho

Wakuu, nina hasira na nitaandika hivyo hivyo.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Riwaya aliyoipenda tangu ujana ililiwa na mchwa. Nikasikia imetoka upya, nikatoa elfu ishirini na tano nikamnunulia. Siku ya tatu naikuta juu ya kabati. "Mwanangu, hii haisomeki." Na miwani ana mpya! Ile ya zamani, yenye karatasi ya njano na herufi nono, aliisoma kwa chemli.

Nikaifungua. Fonti, yaani muundo wa herufi, ni Times New Roman, ukubwa pointi 10, mistari imebanana kama abiria wa Mbagala jioni. Nimehesabu herufi za mstari mmoja, pamoja na nafasi: 94. Kitabu cha kusoma kwa utulivu kinataka sitini na kitu, ikizidi sana sabini na kitu. Jicho likirudi kushoto halijui lishike mstari upi, unajikuta unasoma uleule mara mbili.

Sina ugomvi na serifu, vile vijiguu vya kumalizia herufi. Kwa riwaya ndizo ninazozitaka. Lakini hiyo Times New Roman mliyochagua ilichorwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London. Stanley Morison aliisimamia, Victor Lardent akaichora, gazeti likaanza kuitumia Oktoba 1932. Ilibanwa makusudi ili maneno mengi yaenee kwenye safu nyembamba, na humo inapendeza kabisa. Ninyi mmeitandaza ukurasa mzima kwa sababu tu ndiyo mliyoikuta kwenye kompyuta!

Na ukataji wa maneno sijaugusa. Ukurasa wa 57: "nyum-" juu, "bani" chini. Mbele kidogo, "ning-" halafu "ependa". Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, mtoto wa darasa la tatu anajua ni nyu-mba-ni. Kompyuta imeachwa ikate Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza na hakuna aliyepitia prufu, ile nakala ya kusahihisha kabla ya kuchapa. Hata neno ng'ombe: mmoja ritifaa yake, kile kialama baada ya ng, imesimama kama msumari, wa mstari wa chini imepinda. Kitabu kimoja, ukurasa mmoja!

Nikawapigia simu. "Kaka, fonti nzuri ni gharama." Gharama gani? EB Garamond, inayofuata herufi alizochonga Claude Garamont kule Paris karne ya 16, ni ya bure. Gentium ya Victor Gaultney ni ya bure pia, na inabeba lugha zetu za Kiafrika bila shida. Kupakua ni dakika chache. Wekeni pointi 11, achieni pambizo, kurasa zikiongezeka pandisheni bei. Nitalipa.

Kwa sasa, mwenye toleo la zamani la riwaya yoyote iliyopangwa vizuri, hata jalada likiwa limechanika, ani-PM. Nanunua kwa bei ya mpya. Mzee anasubiri.