Mrejesho: Shuka la viraka, nichore kwa programu au penseli?

Habari zenu wapendwa. Mwezi uliopita niliuliza kama ninunue programu ya kuchorea shuka la viraka au nibaki na penseli na daftari la hesabu. Wengi mlisema programu. Nimejaribu zote.

Kwenye rangi programu ni tamu mno: napiga picha kitenge, nakiingiza, najaribu bluu na manjano bila kufuta kitu. Balaa lilianzia steshenari nilikokwenda kuichapisha michoro. Kijana aliibana michoro ili ienee kwenye A4, nami nikaifuata kukata vipande vinane vya kitenge kabla ya kupima. Cha inchi 4 kimetoka inchi 3 na robo tatu! Kitenge cha mama hicho, jamani.

Daftari halina mambo hayo. Kiboksi kimoja nahesabu inchi moja. Mraba wa inchi 12 nagawa mara tatu, kila kipande inchi 4, naongeza robo inchi ya mshono kila upande, nakata inchi 4 na nusu kwa rula.

Sasa nachora daftarini, rangi nachagulia kwenye kompyuta, kuchapisha nimeacha. Dada uliyesema nipime kwanza, nilisoma nimeshakata. Miraba 9 tayari, bado 11.