Mrejesho: Maji yaliyo salama mtamboni na yanayofika bombani

Niliuliza kama mamlaka ya maji inaweza kutangaza kwamba maji ni salama kwa kupima kwenye mtambo wa kuyasafishia peke yake, ilhali sisi tuko mwisho kabisa wa mtandao wa mabomba. Nawashukuru mlionishauri niombe matokeo kwa maandishi, kwani yamejibu sehemu kubwa ya swali langu.

Klorini iliyobaki, yaani dawa ya kuua vijidudu inayosalia ndani ya maji baada ya kusafishwa, ilitosha kwenye tangi kuu, lakini ilipungua kadiri maji yalivyosafiri, na huku kwetu haikufika miligramu 0.2 kwa lita, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kiwepo mahali mtumiaji anapochotea. Isitoshe, maji yanapokatwa kwa mgao, presha hushuka na uchafu wa ardhini huweza kupenya kwenye nyufa za bomba, jambo ambalo kipimo cha mtamboni hakiwezi kulionyesha hata kidogo.

Mtaalamu wa maabara aliyekuja baadaye aliunguza mdomo wa bomba kwa moto, akaacha maji yatiririke, kisha akajaza chupa iliyotiwa thiosalfeti ya sodiamu ili klorini isiendelee kuua bakteria njiani. Bila hiyo, majibu yangeweza kuwa mazuri kuliko hali halisi. Bakteria wa E. coli, ambao ni dalili ya uchafu wa kinyesi, hawatakiwi kuonekana kabisa katika mililita 100. Walionekana.

Mdhibiti wa huduma za maji ameagiza bomba lisafishwe, klorini iongezwe katikati ya mtandao na vipimo virudiwe kwenye mabomba ya watumiaji. Kwa sasa tunachemsha maji ya kunywa, na nimeshaomba kwa maandishi matokeo ya marudio.