Naomba ushauri: tenor saksofoni peke yake kanisani, wimbo wa Krismasi

Wapendwa shalom, naombeni msaada kwa wanaopuliza saksofoni au wanaopanga nyimbo. Nimepewa nafasi ya kupiga Usiku Mtakatifu wakati wa matoleo mkesha wa Krismasi, mimi na tenor tu, hakuna kinanda, halafu ubeti wa mwisho usharika wote unaingia kuimba.

Shida iko kwenye ki (key, yaani do ya wimbo inaanzia noti gani). Sisi huwa tunaimba G ya kinanda, kwa tenor inakuwa A (noti zetu zina majina tofauti na za kinanda), sasa nikipiga chini ile do ya mwisho haipo kabisa kwenye chombo maana sauti yetu ya chini inaishia Bb (B flat). Nikipanda oktavu pale juu kabisa nafika D ya vitufe vya kiganja (vile vya noti za juu kabisa), inalia kwa ukali na huu wimbo ni wa kubembeleza mtoto jamani. Nimejaribu C ya kinanda (kwangu D) yaani inakaa vizuri mno, ina joto, lakini usharika wakiingia hapo watapiga kelele pale juu.

Sasa naomba kujua, nikianza na hiyo C beti mbili, nishukeje G pale mwisho watu wapate sauti bila kushtuka? Na zile noti ndefu za mwisho wa mistari mnajazia nini, nimejaribu do mi so kwa kupanda ila inasikika kama niko mazoezini. Noti au solfa zote nasoma.