Barua pepe zinakwama hazitoki, kumbe antivirusi: tupeane uzoefu

Karani wa Kurasini
Wakuu, habari za majukumu. Naomba tukusanye visa hapa juu ya hili jambo, maana linaonekana dogo hadi likukute siku meli imeshafunga gati na mteja anasubiri nyaraka.

Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha. Siku nzima ni kutuma ankara, B/L (hati ya usafirishaji wa mzigo kwa meli), orodha ya mzigo, vyote vimeskaniwa. Tunatumia programu ya barua ya Outlook na anwani za jina la kampuni. Kupokea hakuna shida hata kidogo. Kwenye kutuma sasa: barua ya maneno matupu inaenda, ukiambatisha PDF tu inaganda kwenye kikasha cha kutoka. Ule mstari unatambaa, unakaribia mwisho, halafu linatokea kosa 0x8004210B. Kioja ni kwamba mteja wetu wa Lubumbashi alipiga simu akilalamika anapokea ankara ileile mfululizo, wakati huku kwetu inasoma haijatoka!

Fundi kaja, kazima kipengele cha antivirusi cha kukagua barua zinazotoka, zote zikaondoka kwa mkupuo. Nashukuru, ila maswali yangu yako palepale: kwa nini ilikuwa hivyo, na je, ni salama kuiacha imezimwa? Ambaye yamemkuta alete kisa chake.

Fundi Gongo la Mboto
Mkuu, hilo kosa maana yake Outlook imesubiri jibu la seva (kompyuta ya mtoa huduma inayopeleka barua) mpaka muda umeisha. Shida haiko kwenye nenosiri wala anwani.

Ukaguzi wa barua ukiwa umewashwa, Outlook haiongei na seva moja kwa moja. Inaongea na antivirusi humo humo ndani ya kompyuta, mara nyingi kwa anwani 127.0.0.1, au mawasiliano yake yananaswa njiani bila yenyewe kujua. Antivirusi inapokea barua, inaifungua, inaikagua, ndipo inaipeleka kwa seva.

Sasa piga hesabu. PDF ya MB 9 ikiingia kwenye barua pepe haibaki MB 9. Kiambatisho kinageuzwa kuwa herufi kwa mtindo wa Base64, kila baiti 3 zinakuwa 4, kwa hiyo unatuma MB 12. Kasi yako ya kupakia ikiwa nusu megabiti kwa sekunde, hizo ni sekunde 192, zaidi ya dakika tatu. Outlook isipobadilishwa inasubiri dakika 1. Antivirusi imeshameza barua yote kufumba na kufumbua kwa sababu wako mashine moja, halafu inaanza kuhangaika na bando lako. Outlook inaona kimya, inakata tamaa, inaandika kosa, barua inabaki pale. Huku nyuma antivirusi inamaliza kazi na mteja anaipata. Zamu inayofuata Outlook inatuma tena. Ndiyo hizo nakala za Lubumbashi.

Kuzima ukaguzi wa zinazotoka ni dawa. Nyingine ni kuongeza muda wa kusubiri: kwenye mipangilio ya akaunti, ukurasa wa mipangilio ya juu (Advanced), kuna kitufe cha kuburuta kinachofika hadi dakika 10. Na mnaoskani ankara kwa dpi 600 (nukta kwa kila inchi) za rangi, jamani, mnatafuta nini? Weka 200, nyeusi na nyeupe. Kutoka 600 kwenda 200 nukta zinapungua mara tisa, na maandishi yanasomeka vizuri tu.

Sekretari Moro
Nakazia hapo kwenye skana. Halafu niongeze kitu ambacho mafundi wengi hawakisemi: barua iliyo kwenye kikasha cha kutoka msiifungue "kuangalia kama iko sawa". Kwenye Outlook, barua inayosubiri kutumwa inaandikwa kwa herufi za mlalo. Bosi akiifungua akaifunga, ule mlalo unapotea, na haitoki tena hata antivirusi uizime hadi kesho. Lazima uifungue na kubonyeza Tuma upya. Bosi wangu alikuwa na huo ugonjwa wa kuchungulia, kila asubuhi tunaitana "barua zimegoma".

Mwalimu wa Kisauni
Kwangu ilikuja kivingine. Shule yetu iko huku Mombasa, natumia Thunderbird, programu nyingine ya barua, kutuma ripoti kwa wazazi. Siku moja baada ya antivirusi kujisasisha yenyewe, kila nikituma naambiwa cheti cha seva (kitambulisho chake cha kidijitali) hakiaminiki. Ajabu ni kwamba mwenzangu meza ya pili ana Outlook, antivirusi ni ileile, mtandao ni uleule, na yeye anatuma bila matatizo.

Nilifungua kile cheti nikasoma nani amekitoa. Jina lililoandikwa pale halikuwa la shirika lolote la kutoa vyeti, lilikuwa jina la antivirusi yenyewe! Hapo ndipo nilipoelewa. Barua siku hizi inasafiri imefungwa kwa TLS (mfumo wa kuficha yaliyomo njiani), na ili antivirusi isome ndani lazima ifungue hicho kifuniko, kisha iweke cha kwake. Cheti chake inakipanda kwenye hifadhi ya vyeti ya Windows. Outlook inatazama humo, kwa hiyo inaridhika. Thunderbird yangu ilikuwa ikitazama hifadhi yake peke yake, haikumjua huyo mgeni, ikakataa. Na mimi naona iko sahihi kukataa.

Nilizima ukaguzi wa mawasiliano yaliyofungwa upande wa barua, mambo yakakaa sawa. Ukitaka kuuacha, kuna njia: kwenye kihariri cha mipangilio cha Thunderbird tafuta security.enterprise_roots.enabled, kama ni false igeuze iwe true, nayo itaanza kuamini vyeti vilivyo kwenye Windows. Mimi sikuipenda hiyo.

Mzee wa Kuflashi
Mbona mnajipa kazi? Mimi nilitoa antivirusi nzima, raha mstarehe.

Fundi Gongo la Mboto
@Mzee wa Kuflashi, ushauri huo usimpe mtu wa ofisi. Zima kipengele kimoja, acha ulinzi wa faili ukifanya kazi. Kwa wewe mwenye Windows 10 au 11, ukitoa antivirusi ya kununua, Microsoft Defender inaamka yenyewe, kwa hiyo hujabaki uchi kama unavyofikiri. Ila angalia umeitoaje. Zikitolewa kwa njia ya kawaida baadhi zinaacha vipande vinavyoendelea kunasa barua, na mwenye kompyuta anaapa hana antivirusi. Watengenezaji wengi wana programu ndogo ya kusafisha mabaki, ishushe kwenye tovuti yao wenyewe, si kwenye flashi ya mtu.

Karani wa Kurasini
Shukrani sana wakuu, darasa limeeleweka. Swali la usalama bado halijajibiwa lakini.

Mama Server
Nalijibu mimi. Kiambatisho unachotuma kimetoka wapi? Kwenye diski yako. Ulinzi wa faili ulikikagua kilipohifadhiwa na unakikagua tena kikifunguliwa. Kukikagua mara nyingine kikiwa kinatoka ni kurudia kazi ileile, tena kwa njia inayokwamisha barua. Hata zinazoingia, kirusi kilicho ndani ya barua kwa kawaida hakifanyi kitu mpaka mtu afungue kile kiambatisho, na hapo ulinzi wa faili unakisubiri. Juu ya hayo seva kubwa zina ukaguzi wao. Gmail kwa mfano inakataa faili za .exe hata ukizificha ndani ya zip.

Kwa hiyo ofisi ninazozihudumia nazima ukaguzi wa zinazotoka bila kusita. Zinazoingia nauacha pale tu usiponiletea usumbufu.

Kijana wa Capri Point
Mama Server nakuheshimu ila hapo sikubaliani na wewe moja kwa moja. Ofisi niliyokuwepo hapa Mwanza kompyuta moja ilishika virusi, ikawa inamwaga barua taka usiku kucha bila mtu kugusa kitu. Anwani yetu ya mtandao ikaingia kwenye orodha nyeusi, na tangu hapo kila tunachotuma kinarudishwa. Kujisafisha kulituchosha kuliko hata kuondoa virusi wenyewe. Ukaguzi wa zinazotoka ungepiga kelele mapema.

Mama Server
Ungeweza kupiga kelele, sikatai, baadhi zinakuonya ukituma barua nyingi kwa mpigo. Lakini kwa hilo kinga yenyewe iko kwenye ruta: funga poti 25 (mlango wa mawasiliano wenye namba hiyo) kwa kompyuta zote za ofisi. Virusi wa aina hiyo wanapenda kuongea na seva za watu moja kwa moja kupitia 25. Programu yako ya barua haiihitaji, inatumia 587 au 465. Ukifunga 25, kompyuta ikiugua inabaki inaugua peke yake.

Kijana wa Capri Point
Hilo nalichukua.

Katibu Muhtasi DOM
Kisa changu kifupi. Kompyuta ya ofisi kila umeme ukikatika inarudi mwaka 2009. Antivirusi inasema leseni ina kasoro, Outlook inasema cheti cha seva hakijaanza kutumika, barua zimelala. Watu wakabadilisha nenosiri, wakazima antivirusi, wakapigia simu mtoa huduma. Ilikuwa betri ya ubaoni, ile ya duara CR2032. Imebadilishwa, saa ikawekwa sawa, barua zikatoka bila kugusa kitu kingine chochote. Kabla hujaenda mbali, tazama saa pale pembeni chini, na mwaka pia, siyo saa tu.

Dada wa Stationery
Na wenye Gmail kwenye programu za zamani, hii iko nje ya antivirusi kabisa. Google waliacha kukubali nenosiri la kawaida kwa programu hizo kuanzia 30 Mei 2022. Wateja wangu bado wanakuja hadi leo wakiwa na hasira na antivirusi. Unawasha uthibitisho wa hatua mbili, unatengeneza nenosiri la programu lenye herufi 16, unabandika kwenye Outlook ya zamani, kazi imeisha. Ukubwa nao: Gmail mwisho ni MB 25.

Sekretari Moro
Kuna aliyeniuliza pembeni jinsi ya kuitoa barua kubwa iliyoziba njia, kila akitaka kuifuta anaambiwa inatumwa. Weka Outlook nje ya mtandao kwa kile kitufe cha Work Offline, ifunge, hakikisha kwenye Task Manager hakuna OUTLOOK.EXE iliyobaki imejificha, ifungue tena. Sasa iburute barua kwenda kwenye rasimu. Punguza kiambatisho, rudi mtandaoni, tuma. Zilizokuwa nyuma yake zitafuata zenyewe.

Mpemba wa Maskati
Assalaam alaykum. Mie niko Oman, barua zangu ni za kampuni ya nyumbani Unguja. Kule zilikuwa zikitoka vizuri, hapa zinakwama zote, zenye kiambatisho na zisizo nacho. Poti iliyoandikwa ni 25. Nimeshafanya jaribio la PowerShell (dirisha la amri la Windows), Test-NetConnection na jina la seva yetu na -Port 25, jawabu ni TcpTestSucceeded : True. Kwa hivyo mtandao hauna neno, au vipi?

Fundi Gongo la Mboto
Waalaykum salaam. Usiiamini hiyo True bado. Ukaguzi wa barua ukiwa umewashwa, anayekujibu kwenye poti 25 anaweza kuwa antivirusi yako mwenyewe, seva haijaguswa. Zima ukaguzi wa barua, rudia jaribio lilelile.

Mpemba wa Maskati
Imegeuka False.

Fundi Gongo la Mboto
Basi mtandao wa huko unafunga 25, watoa huduma wengi duniani wanafanya hivyo kwa ajili ya barua taka. Jaribu 587. Ikikubali, badilisha poti kwenye akaunti, chagua STARTTLS (ndiyo ile TLS ya kufunga barua), na uweke alama pale panaposema seva ya kutuma inahitaji uthibitisho, kwa jina na nenosiri lilelile la kupokea.

Mpemba wa Maskati
587 imesema True. Nimebadilisha, zinatoka moja moja hivi sasa. Kuna moja ya tangu wiki iliyopita ndani yake, nimeiwahi kuifuta, ilikuwa na bei za zamani.