Masta nikiwa kazini: nisome Chuo Huria au niombe ruhusa niende Dodoma?

Mama Imani
Habari za jioni wakuu. Kuna jambo linaninyima usingizi, naomba mawazo yenu. Nataka kurudi shule kusoma masta. Nimechuja mpaka zimebaki njia mbili: Chuo Kikuu Huria nisome huku nafanya kazi, au nichukue ruhusa niende Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) nikae darasani. Dirisha la maombi likifunguliwa sitaki linikute bado najiuliza. Akiba ninayo kidogo. Nipo mkoa wa Kigoma. Aliyepita mojawapo ya njia hizi aniambie ipi ina afadhali.

Kasulu Kwetu
Mleta mada, bado hujatuambia kitu. Masta ya nini? Umeajiriwa au umejiajiri? Shahada ya kwanza ulitoka na GPA ngapi, yaani wastani wa alama? Ruhusa umeshaomba au ndiyo unaiwaza? Na "akiba kidogo" ni laki tano au milioni tano? Tukikujibu sasa hivi tutakuwa tunapiga ramli.

Mwanahuria
Huria, tena usijiulize mara mbili. Nimesoma pale nikiwa kazini na sijutii hata siku moja. Chuo kipo kwa sheria ya mwaka 1992, vituo vya mikoa vipo Kigoma na Tabora, mitihani unafanyia mkoani, mshahara unaingia kama kawaida. Kinachotakiwa ni wewe kujisimamia. Nilikuwa naamka saa nane usiku, ndoo ya maji baridi chini ya meza naweka miguu ili nisisinzie, nasoma mpaka nisikie adhana ya alfajiri. Halafu naandaa watoto, naenda kazini. Miaka mitatu hivyo.

Afisa Mstaafu
Mwanangu, kabla ya Huria na kabla ya Dodoma kuna barua. Nimekaa ofisi za utumishi miaka mingi, nimeona majalada ya watumishi wazuri yakiharibika kwa sababu ya barua tu. Kama wewe ni mtumishi wa umma: uwe umethibitishwa kazini, jina lako liwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, ombi lipitie kwa mkuu wako wa kazi mpaka kwa mkurugenzi, na ujibiwe kwa maandishi. "Nenda tu, tutaelewana" si ruhusa. Ukionekana haupo kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa, hilo tayari ni kosa la kinidhamu, na watu wamepoteza kazi kwa hilo. Hata ukienda Huria, omba kibali, maana siku za mitihani utahitaji kutoka kituoni.

Mama Imani
Shikamoo mzee, na asanteni wote. Mnisamehe kwa kuandika nusu nusu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Kiswahili na Jiografia, nipo Nguruka. Huu ni mwaka wa sita kazini, nimethibitishwa. Ruhusa sijaomba, anayejua ni mkuu wa shule peke yake. GPA yangu ni 3.4. Bodi ya Mikopo bado wanakata ile asilimia 15 ya mshahara wangu. Akiba ni milioni mbili na laki nane. Nina mtoto wa miaka minne, baba yake yupo Mpanda kikazi. Ninachotaka kusoma ni Kiswahili. Mkuu wa shule ananishauri nisome uongozi na mipango ya elimu, anasema huko ndiko kwenye vyeo.

Kasulu Kwetu
Sasa tunaongea. Na hapo kwenye mtoto wa miaka minne ndipo penye uzito, kuliko vyuo vyote viwili. Dodoma utakwenda naye au utamwacha kwa bibi? Baba Imani anasemaje?

Kijana wa Mlole
Madam, nikuulize jambo moja bila kukuvunja moyo: unataka masta ili iweje? Kama lengo ni kufundisha chuo kikuu, soma matangazo ya nafasi za wahadhiri wasaidizi kwenye vyuo vya serikali. Wanataka 3.8 ya shahada ya kwanza na 4.0 ya masta. Hiyo 3.4 yako hairudi nyuma kurekebishwa hata ukipata masta ya 4.8. Kama lengo ni mshahara, mwalimu wa sekondari hapandi daraja kwa sababu ya cheti cha masta peke yake. Nina walimu wenzangu watatu wanazo, tupo nao daraja moja. Milioni mbili na laki nane Kigoma hii ni shamba la michikichi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga wanazalisha miche ya mbegu bora ya Tenera, mwaka wa tatu au wa nne unaanza kuvuna. Tasnifu haikamuliwi mawese.

Mwanahuria
Kijana wa Mlole, kila uzi wewe ni michikichi. Mtu ameuliza chuo.

Kijana wa Mlole
Ameuliza maisha, ndugu yangu. Pesa ni hiyo hiyo moja. Ikienda kwenye ada haipo kwenye shamba.

Isevya
Mimi nipo Tabora, naomba niandike kwa kirefu kwa sababu sipendi mtu mwingine apite nilikopita.

Nilienda kusoma masta ya kukaa darasani, chuo sitakitaja. Ruhusa nilikuwa nayo, mshahara uliendelea, masomo ya darasani nikayamaliza ndani ya mwaka bila somo la kurudia. Nikajiona nimeshavuka mto. Utafiti wangu ulihusu wakulima wa tumbaku. Nilizunguka Kaliua na Urambo kwa baiskeli na bodaboda, nikahoji kaya sitini. Madodoso yote nikayapanga kwenye boksi la karatasi, nikaliweka juu ya kabati, mke wangu akawa analifunika kanga kila jioni kwa ajili ya vumbi.

Sura tatu za kwanza nilipeleka kwa msimamizi wangu mwezi wa tatu. Mwezi wa kumi zikarudi. Ukurasa wa kwanza una maneno mawili kwa kalamu nyekundu: "Tazama nadharia." Kurasa nyingine zote nyeupe, hakuna hata alama. Nikapanda basi kwenda kumuuliza nadharia ipi, nikakuta ameshahamia chuo kingine wiki mbili kabla. Hakuna aliyenipigia simu. Nikapangiwa msimamizi mpya, naye akasema mada yenyewe haimvutii, nibadilishe. Madodoso sitini ya wakulima walioacha kazi zao kunijibu yakawa hayana kazi tena. Ruhusa yangu ikaisha, nikarudi kituoni, nikawa naandika usiku na kulipa ada ya kuongezewa muda. Nilihitimu mwaka wa tano. Siku ya mahafali sikuwa na furaha, nilikuwa nimechoka tu. Boksi bado ninalo. Nashindwa kulichoma.

Kwa hiyo dada yangu, kabla ya kuchagua chuo, tafuta msimamizi. Piga simu idarani, uliza nani anasimamia mada kama yako, ana wanafunzi wangapi, na wa mwisho alihitimu lini. Jina la chuo halitakusomea sura zako.

Mama Imani
Kaka Isevya, nimesoma mara mbili. Pole sana. Hilo la msimamizi sikuwa nimelifikiria hata kidogo, nilikuwa nahesabu ada na nauli tu.

Mwanahuria
Pole mkuu. Kwa haki niseme, la msimamizi hata Huria lipo, tena kwa mwanafunzi wa mbali linauma zaidi maana huwezi kwenda kukaa mlangoni kwake. Dawa yangu ilikuwa kila Jumatatu barua pepe fupi: nimefanya hiki, nimekwama hapa. Asipojibu wiki tatu, nakala kwa mkuu wa idara. Si ugomvi, ni kumbukumbu.

Afisa Mstaafu
Ongezeni hili: ukiwa na makato ya Bodi, halafu ukaenda kukopa benki kwa ajili ya ada, kumbuka mshahara unaobaki mkononi haupaswi kushuka chini ya theluthi moja. Wengi wanajaza fomu za mkopo kabla ya kupiga hesabu hiyo. Na ukipata ruhusa, masharti yake yasome mpaka mstari wa mwisho, hasa muda wa kurudi kutumikia. Kwa Dodoma, kumbuka pia unaendesha nyumba mbili kwa mshahara mmoja.

Binti Ujiji
Mimi napingana na mkuu wa shule. Dada anataka Kiswahili, asome Kiswahili. Uongozi wa elimu kila mtu anasoma kwa ajili ya vyeo, na vyeo vya ukuu wa shule ni vichache kuliko vyeti. Kitu usichokipenda huwezi kukiamkia saa nane usiku.

Kijana wa Mlole
Dada Ujiji, mapenzi hayalipi ada. Kama ni Kiswahili basi aende Baraza la Kiswahili, BAKITA, asome kufundisha Kiswahili kwa wageni, asajiliwe kwenye kanzidata yao. Kozi fupi, gharama ndogo, na Kiswahili sasa hivi kina siku yake duniani, tarehe 7 Julai, UNESCO waliipitisha 2021. Soko lipo nje.

Binti Ujiji
Hapo kwenye BAKITA nakuunga mkono, lakini siyo badala ya masta. Mbona mnaona kusoma ni mpaka kuwe na tangazo la kazi mbele yake? Vyuo vya ualimu vipo, Kasulu na Tabora, mkufunzi mwenye masta ya somo lake anaheshimika. Na tasnifu ya Kiswahili inaandikwa kwa Kiswahili, hutapoteza mwaka kurekebisha Kiingereza.

Kasulu Kwetu
Kuna jamaa zetu wanavuka mipaka kusoma nchi jirani kwa sababu ada ni nafuu. Mama Imani ukishawishiwa huko, hakikisha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wanakitambua chuo hicho na kozi hiyo kabla hujalipa hata shilingi. Kutambuliwa baada ya kuhitimu ni safari nyingine. Kwa anayemudu Kiingereza, Jumuiya ya Madola wana ufadhili wa masta za masafa kutoka vyuo vya Uingereza, unasoma ukiwa kwako. Kiswahili hutakipata humo, lakini maendeleo na afya zipo.

Mwanahuria
Turudi kwenye swali. Nguruka uko kati ya Kigoma na Tabora, reli inapita hapo na barabara ipo. Huria unaweza kuchagua kituo cha mkoa kinachokufaa. Kama una ndugu Tabora wa kulala kwake wiki ya mitihani, chagua Tabora. Kama yupo Kigoma, chagua Kigoma. Mtandao hapo Nguruka ukoje? Maana kazi zinatumwa mtandaoni.

Mama Imani
Mtandao upo, umeme ndio unakatika. Tabora sina mtu. Kigoma nina shangazi Mwanga.

Niseme ukweli kuhusu swali la Kijana wa Mlole, unataka masta ili iweje. Mwaka jana kidato cha nne nilifundisha ngeli, mwanafunzi mmoja akaniuliza kwa nini babu yake wa Ujiji anasema maneno ambayo kwenye kamusi ya shule hayapo, na je, babu anakosea? Nilimjibu hakosei. Akauliza, sasa kwa nini hayapo? Sikuwa na jibu la maana. Nimekaa na swali hilo tangu siku hiyo. Ndiyo maana nataka Kiswahili.

Isevya
Basi mada unayo tayari, dada yangu, na wengi wanafika mwaka wa pili hawana. Andika kurasa mbili kuhusu hilo swali la mwanafunzi, uzipeleke vyuo vyote viwili, uone msimamizi gani anajibu kama mtu aliyesoma.

Afisa Mstaafu
Naunga mkono. Lakini barua ya ruhusa iandikwe wiki hii hii. Mpango wa mafunzo ukishapitishwa bila jina lako, unasubiri mwaka mwingine.

Kijana wa Mlole
Kwa swali hilo la mwanafunzi nimekuelewa, madam. Ila heka moja ya michikichi haigombani na tasnifu.

Kasulu Kwetu
Bado hujajibu: Imani atakaa na nani?

Mama Imani
Baba yake anasema twende Huria mpaka mtoto aanze darasa la kwanza. Mama yangu anasema nimwachie, niende Dodoma nimalize mapema. Mimi mwenyewe nikimwangalia akiwa amelala najibu hivi, asubuhi najibu vingine. Barua nitaandika kesho, inaomba vyote viwili.

Afisa Mstaafu
Barua moja haiombi vitu viwili, mwanangu. Andika mbili.

Binti Ujiji
Mama Imani, kuhusu yale maneno ya Ujiji. Mjomba wangu ni mvuvi, alianza enzi za taa za karabai. Ana majina ya nyavu, ya pepo za ziwani, ya samaki kama kuhe na mgebuka kwa ukubwa wake, mengi na sisi watoto wa nyumbani hatuyajui. Wapo na wazee wa Kimanyema jirani yake, hao ndio usiseme. Nikimwomba atakubali kukaa na wewe.

Isevya
Hiyo ni sura ya nne nzima imejileta yenyewe.

Mama Imani
Dada Ujiji, umenigusa kweli. Nikija wikiendi nitamkuta?

Binti Ujiji
Usije siku za giza, mwezi usipoonekana, usiku wapo ziwani na mchana wamelala. Njoo mwezi ukiwa mpevu. Dagaa hawafuati taa kukiwa na mbalamwezi, kwa hiyo wavuvi wanabaki nchi kavu wanashona nyavu, na hapo ndipo wanapozungumza.

Mama Imani
Basi mwezi mpevu ujao nikiruhusiwa Ijumaa mchana nashuka kwa shangazi Mwanga. Nije na daftari au nirekodi kwa simu?

Binti Ujiji
Daftari kwanza. Simu utaitoa wakishakuzoea.