Familia ya Ngamiani 🌴

Ijumaa

Da Mwanaidi 13:42
Asalaam alaykum. Karakana imejaa nyigu. Kiota kimoja ndani ya lile kabati, kingine juu kwenye kenchi, cha tatu dirishani. Jana wamemuuma Athumani sikio. Kesho jioni tunavitoa. Nani anakuja?

Da Mwanaidi 13:58
Sitaki dole gumba, nataka majina

Juma 14:20
Sikio la Athumani kubwa toka zamani, msiwasingizie wadudu wa watu 😂

Athumani 14:23
Nyigu mmoja kanichoma mara tatu we Juma. Na mbao za mninga wanazitafuna, ndizo wanajengea hivyo viota vyao vya karatasi

Juma 14:24
Kumbe mafundi wenzako. Ila wao wanamaliza kazi. Kitanda changu kiko wapi?

Athumani 14:24
Hela ya vanishi iko wapi?

Da Mwanaidi 14:26
JAMANI

Shem Rehema 16:05
Cha dirishani kama ni cha udongo kiacheni, wale hawana ugomvi na mtu. Hao wengine wapulizieni giza likiingia, wakiwa wamerudi wote. Mikono mirefu, na msiwamulike na tochi, wataifuata. Aliyeumwa akivimba midomo au kubanwa pumzi, hospitali ya Bombo moja kwa moja, msianze kupaka vitunguu

Juma 16:11
Ya nini yote hayo. Tambara, petroli, kiberiti. Dakika moja

Da Mwanaidi 16:15
Dawa ya kopo ninayo. Ngazi anayo nani?

Da Mwanaidi 18:40
Ngazi anayo nani??

Athumani 18:52
Anayejua anajua. Ilitoka siku ya arobaini, pamoja na randa ya mashine

Salim 21:30
Randa nilinunua. Tulishayamaliza haya

Athumani 21:31
Mliyamaliza na nani?

Baba Mkubwa 21:47
Moto hauingii mle. Kuna thina, vanishi na maranda hadi magotini. Mdogo wangu alijenga karakana ile miaka, haitateketea kwa ajili ya nyigu. Salim, lete ngazi. Hayo mengine nikija.

Juma 22:02
Shikamoo Baba Mkubwa. Nilikuwa natania

Salim 22:40
Sawa Baba Mkubwa

Jumamosi

Da Mwanaidi 18:10
Niko mlangoni na kopo langu. Mko wapi?

Shem Rehema 18:25
Niko zamu wifi

Juma 18:31
Huku mvua

Athumani 18:33
Mvua ya wapi, mimi niko nyuma ya nyumba yako hapa

Da Mwanaidi 18:49
Bodaboda kaleta ngazi. Ni ile fupi

Athumani 18:50
🙂

Da Mwanaidi 18:54
Salim?

Da Mwanaidi 19:20
Haya. Cha kabatini tunapuliza sasa hivi mimi na Athumani. Cha kenchi Jumatatu, na ngazi ndefu Salim aje nayo MWENYEWE

Shangazi Zuhura 19:41
Waalaykum salaam. Arobaini ya nani tena?