Utafiti tunaufanya sisi, jina analiweka profesa: hadi lini?

Wanajukwaa, nimeufungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Katika vyuo vya sheria umezoeleka mtindo wa msomi mwenye jina kumkabidhi mwanafunzi swali tupu la kisheria, kisha akatoweka hadi aletewe jibu lililoiva. Anayepekua hukumu moja baada ya nyingine, akatenganisha sababu hasa ya uamuzi na yale ambayo jaji aliyasema kwa kupita tu, na kuhakikisha kwamba hukumu hiyo haijatenguliwa na mahakama ya juu, ni mwanafunzi. Makala ikichapishwa, mwandishi ni mmoja, na mwanafunzi, akibahatika, hushukuriwa kwenye tanbihi ya kwanza "kwa msaada wake".

Msaada upi? Katika makala niliyoifanyia kazi, sehemu nzima ya pili imetoka kwenye rasimu yangu aya kwa aya, hata mpangilio wa kesi haukuguswa. Kilichoongezwa ni viunganishi. Nilipohoji, nikajibiwa kwamba hayo ndiyo malezi ya taaluma na kwamba nishukuru kupewa nafasi.

Malezi hayo hayaandikiki kwenye wasifu. Anayeomba kazi ya uhadhiri huulizwa amechapisha nini, na anayeomba kuwa msaidizi wa jaji hudaiwa sampuli ya maandishi yake mwenyewe. Mimi nikiwasilisha niliyoyaandika, nitaonekana nimenakili kazi ya profesa wangu!

Wala asitokee mtu kusema kwamba kazi yenyewe ni ndogo. Mwaka 2023 huko New York, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, mawakili wawili pamoja na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa sababu waliwasilisha mahakamani hukumu zilizobuniwa na ChatGPT, ambazo hakuna aliyejisumbua kuzitafuta na kuzisoma kabla ya kutia saini.

Ninachodai ni makubaliano ya maandishi kabla ya kazi kuanza, yanayotamka kwamba aliyeandika sehemu ya makala ni mwandishi mwenza. Na mlio kwenye kamati za nidhamu za vyuo, naomba mnijibu hapa hapa: kwa nini kanuni zenu za wizi wa kitaaluma humfukuza mwanafunzi aliyenakili aya tatu za profesa, lakini hazimgusi profesa aliyebeba kurasa nzima za mwanafunzi?